Sufuria Zilizotoka Bila Kilio

Jina lake sitaliandika. Mtaa wote wa Majengo tulimwita Mama Sufuria. Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, sijui, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza. Mimi namjua kwa kazi yake moja tu: alitunza sufuria za chama chetu cha kuzikana.

Na mimi mnijue kidogo. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetaka maandishi ya kunyooka akawaone walimu. Lakini ukishuka kwenye treni hapa Mpanda ukauliza mashine kubwa ya kukoboa mpunga, ile ya Shanwe yenye ghala la bati jekundu, mtu yeyote atakuelekeza. Ni yangu. Fuso mbili zinazolala pale nje, zangu. Sikurithi hata jembe. Nilifika mji huu na kandambili za rangi mbili tofauti, nikabeba magunia stesheni mpaka bega likaota sugu, na leo watu waliosoma wananiita bosi. Nasema haya ili mjue kwamba anayeandika hapa si mtu wa kulialia. Ila kuna neno moja juu ya huyu mama ambalo nilitakiwa kulisema mbele za watu, na sikulisema. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi ambaye kalamu yangu ni ya kusaini tu.

Sufuria zilikuwa kumi na nne, zile kubwa ambazo mtoto anaweza kuogea ndani. Zilikaa chumba cha nyuma cha nyumba yake, na ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga, kiunoni. Kanuni yake ilikuwa moja na Majengo yote tuliijua: sufuria ya msiba haitoki mpaka kilio kisikike. Kipaimara, hapana. Mahafali, hapana. Mfanyabiashara mwenzangu mmoja, mtu mzito, alikwenda kuziazima kwa harusi ya binti yake. Mama akamuuliza, "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mama, ni harusi."

"Basi rudi akishakufa mtu."

Akafunga mlango. Yule bwana alikuja kunisimulia akiwa na hasira, nami nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Sufuria ikirudi kutoka msibani ilisuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka ing'ae, halafu inalazwa kifudifudi. Hakuruhusu hata moja ikae imeangalia juu. "Sufuria ikikaa wazi inangoja," alisema. Inangoja nini hakusema, na hakuna aliyeuliza.

Mimi nilimfahamu kwa njaa. Mwaka ule reli ilikatika kwa mvua, treni haikuja wiki nyingi, na kuli bila treni ni mtu wa kushinda amekaa kwenye reli anaangalia mawe. Nikaanza kufuata maturubai. Penye turubai pana msiba, penye msiba pana ugali na maharage. Nakaa nyuma, nainamisha kichwa, wakilia na mimi najikaza nalia, chakula kikija nakula. Msiba wa tatu katika wiki moja, yule mama akaja kusimama mbele yangu na mwiko mkononi.

"Wewe, marehemu alikuwa nani wako?"

"Mjomba, mama."

"Marehemu ni mwanamke."

Watu wakageuka. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akapasuka kicheko, pale pale msibani, mbele ya maiti ya watu, kicheko cha kifua kizima. Halafu akanivuta sikio mpaka nyuma ya jiko, akanisukumia sufuria yenye ukoko wa wali chini. "Kula huo. Ukimaliza, uisugue. Mjomba!"

Nilikula ule ukoko mpaka fizi zikaniuma. Kuanzia siku hiyo kila penye msiba Majengo nilikuwa nyuma ya jiko nasugua, na siku hiyo nashiba. Akaniita Kuli. Mtu mwingine akiniita hivyo leo atanijua mimi ni nani. Yeye aliendelea kuniita Kuli hata nilipokuja kwake na gari jipya, na mimi niliitika.

Huwa nasema sikusaidiwa na mtu. Nimelisema hilo mikutanoni, nimelisema hata redioni. Sio kwamba nadanganya. Ni kwamba nikishika kipaza sauti ule ukoko unanitoka kichwani.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyoelewana. Jumapili benchi la mbele kanisani, rozari mkononi, na baada ya misa unamkuta nyuma ya mnara wa kengele ananusa tumbaku na kupiga chafya kama mbuzi. Mkali wa kutisha, ila penye majonzi makubwa ndipo alipotia utani. Mjane mmoja alikuwa amegoma kula siku ya pili. Mama akamwendea, "Kula, mwanangu. Ukifa na wewe wiki hii utanichosha, sijasugua bado." Yule mjane alicheka huku machozi yanamtoka, akala. Akikasirika sana aliacha Kiswahili akahamia Kipimbwe, na hapo hata wasiokijua walielewa.

Aliogopa maji. Mtu wa kuongoza mioto kumi bila kupepesa, lakini daraja la kijito cha pale mjini hakulivuka mpaka ashikwe mkono, hata kiangazi wakati chini ni mchanga mtupu.

Na kitu kingine. Hakuonja. Alipika chakula cha watu mia na hakuweka hata punje ulimini. Chumvi aliijua kwa kunusa mvuke. Yeye akimaliza anarudi kwake kula ugali wake wa baridi na mlenda. Nikamuuliza siku moja kwa nini haonji. Akaniambia, "Nitakula cha msiba wangu, siku yangu." Nikamwambia siku yako hutakula, mama, sisi ndio tutakula. Akasema, "Basi mtie chumvi vizuri."

Sasa nifike kwenye mvua.

Masika ya mwaka juzi yalikuja vibaya. Hapa mjini nyumba za bondeni ziliingia maji, watu wakahamia uwanja wa shule na magodoro vichwani. Lakini kilichotumaliza ni habari za Mpimbwe, kule kwenye mbuga za mpunga. Maji yalikuja watu wamelala. Na Mama Sufuria alikuwa na binti mmoja tu duniani, Skola, aliyeolewa huko na mkulima wa mpunga, na alikuwa amejifungua siku chache kabla. Jumapili Skola alipiga simu. Nyumba imekwenda, ghala limekwenda, wako juu ya kilima kidogo penye kigango cha kanisa, watu wengi, hawana chakula. Akasema, "Mama, maziwa yanakauka." Simu ikazima na haikuwaka tena.

Jumatatu asubuhi Mama alikuwa mashineni kwangu, kanga imelowa mpaka magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuli, nipe gari."

"La wapi?"

"La kwa Skola. Tia mchele, tia na sukari kidogo, mimi napanda na sufuria zangu. Leo hii, daraja la njiani halijakatika bado."

Sikilizeni hali ilivyokuwa. Wafanyabiashara wa mji tulikuwa tumeshakaa, tumeunda kamati ya kuwasaidia wahanga, na mwenyekiti wa kamati ni mimi. Mimi wa darasa la nne, nimewekwa juu ya watu wenye diploma. Nilikuwa nimepanga msafara ambao mji huu haujauona.

"Mama, tumeshajipanga. Tunaondoka Jumatano, magari yote pamoja."

"Jumatano? Leo ni Jumatatu."

"Bango halijachapwa. Na mgeni rasmi wa kutuaga ana nafasi Jumatano."

"Bango linapikwa na nini?"

Wapakiaji wangu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikamwambia, "Mama yangu, mambo haya yana utaratibu wake."

Akanitazama muda mrefu, kama anavyotazama sufuria kuona kama imetoboka. "Haya," akasema. "Na mimi nina utaratibu wangu." Mkono wake ukaenda kiunoni, kwenye fundo la ufunguo.

Siku hiyo hiyo alifungua kile chumba na sufuria zikatoka. Hakuna aliyekuwa amekufa. Alizipeleka uwanja wa shule kwa watu wa bondeni, akawasha. Kina mama wa parokia wakaleta maharage. Vijana wa msikitini wakaleta turubai na kuni kavu walizokuwa wamezificha kwenye veranda ya madrasa. Bodaboda wakabeba maji madumu manne manne bila kudai kitu. Watu hawa hawakuwa na kamati wala mgeni rasmi, na saa saba mchana watoto walikuwa wanakula.

Mzee wa chama chetu alikuja mbio na fimbo yake. "Mama, nani amekufa?" Yalikuwa maneno yake mwenyewe, karudishiwa.

"Hajafa mtu."

"Basi kwa nini zimetoka?"

"Zimetoka ili asife."

Yule mzee alitikisa kichwa, akaondoka bila kuaga. Kina mama wawili waliokuwa wanakoroga waliacha mwiko wakamfuata. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekuja kupiga picha za watu wa bondeni kwa ajili ya kamati.

Huku kwetu kwenye kamati, kila mwenye duka alitoa kile kilichomlalia. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alitoa misumari na vitasa, kwa watu ambao milango yao ilikuwa imeelea. Wakala wa soda alitoa kreti. Mwenye duka la simu alitoa vocha. Shirika moja lilileta fomu za kuandikisha watu waliokosa makazi, na fomu ilitaka anwani ya mtu. Naweza kuwacheka hao wote mpaka kesho. Siwacheki, kwa sababu cha kwangu kilikuwa kibaya kuliko vyote.

Nilitoa mpunga.

Asiyejua kazi yetu nimweleze. Mpunga ni ule wenye maganda, kama ulivyotoka shambani. Hauliwi mpaka ukobolewe uwe mchele. Gunia la mpunga ni kubwa, limefura, ukilikoboa linanywea. Ukipanga magunia ya mpunga kwenye Fuso yanapanda mpaka juu ya kichwa cha gari, na bango ukilifunga pale linasomeka toka mbali. Mchele wa uzito ule ule ungeonekana umelala chini kwenye bodi kama mgonjwa. Mchele nilikuwa nao ghalani, mweupe, umeshachambuliwa, unangoja wanunuzi wa Mwanza. Nikasema moyoni, watu wa Mpimbwe ni wakulima wa mpunga, unawafundisha nini juu ya mpunga? Na kweli nawaambia, haikunipita kichwani hata mara moja kuuliza wataukobolea wapi. Maisha yangu yote mpunga unakuja nilipo. Sijawahi kufikiri mpunga unaofika mahali ambapo mimi sipo.

Jumatano tukaagwa. Picha zikapigwa. Niliongea vizuri sana, watu wanasema mpaka leo. Tukaondoka jua liko utosini, Mama kakaa mbele na mimi na dereva, sufuria zake nne zimefungwa juu ya magunia kwa kamba. Njia nzima, tope, mashimo, tulivyokatiza hifadhini na nyani wamekaa barabarani kama wenye nchi, rozari ilikuwa inapita vidoleni mwake. Alikuwa anasali au anahesabu siku, sijui.

Tulipofika mtoni daraja halikuwepo. Jumatatu lilikuwepo. Wavuvi walikuwa wanavusha watu kwa mitumbwi, kwa hiyo tukaanza kushusha mzigo. Gunia la kwanza lilipogusa chini, Mama alilisogelea. Akapenyeza vidole kwenye mshono kama mnunuzi yeyote sokoni, akatoa konzi, akaisugua kiganjani, akapuliza. Akabaki ameshika mkono wazi.

"Kuli. Umeleta mpunga."

"Mpunga safi, mama. Mpya. Ule wa—"

"Watu wana siku nne."

"Watu wa huku wanaujua mpunga, mama."

"Mashine yao iko wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Ng'ambo, katikati ya maji, lilikuwa limechomoza bomba la moshi la mashine ya kijiji, hilo tu, na ndege mweupe kakaa juu yake. Nikauliza, "Na vinu?" Yule mwenye mtumbwi akanijibu bila kunitazama, "Vinu ni vya mti, bosi. Vimeelea, vimekwenda zao ziwani."

Ningeweza kurudi kuchukua mchele. Ni kweli. Kurudi ni kufika mjini usiku, na kuja tena ni kesho yake kutwa, kama barabara bado ipo. Mama alisema tu, "Pakia." Akaingia mtumbwini, yeye anayeogopa kijito. Alikaa chini, akakumbatia sufuria kifuani kama mtu, akafumba macho mpaka ng'ambo.

Kilimani sitapaelezea sana. Watu walikuwa wamekaa kimya, hata watoto. Walipoona magunia wengine walisimama, wakakaribia, wakagusa, wakakaa tena. Hilo la kukaa tena ndilo naliona mpaka leo. Skola alikuwa ndani ya kigango, kajifunika kitambaa cha altare. Mtoto alikuwa analia sauti ndogo, kama mlango unaofunguliwa mbali.

Mama hakuanza na Skola. Alianza na moto. Kuni mbichi, moshi mtupu, lakini yule alikuwa na mkono wa moto. Akamwaga mpunga sufuriani, akaukaanga mpaka maganda yakakauka. Halafu akasema, "Vueni viatu."

Sisi wanunuzi tunapopima mpunga tunaweka konzi sakafuni, tunaisugua kwa soli ya kandambili, ganda linatoka, tunaona punje ya ndani. Ni konzi moja, ya kuangalia tu. Sasa yule mama aliumwaga ule mpunga kwenye sakafu ya saruji ya kigango, akawapigisha watu magoti, wenye njaa ya siku nne, wakasugua. Yeboyebo, kandambili, viatu vya shule. Wengine wanapuliza maganda kwa mifuniko. Mimi, mwenye mashine inayomaliza gunia kabla hujamaliza kikombe cha chai, nilipiga magoti pembeni ya bibi mmoja nikasugua na kiatu changu cha ngozi. Yule bibi akaniangalia kiatu. "Chako kizuri," akasema, "soli ngumu." Hakuwa ananidhihaki.

Jua linazama tulipata uji wa sufuria moja, umejaa maganda, unakwaruza koo. Mama alimnywesha Skola mwenyewe. Akamwambia, "Kunywa, yatarudi." Skola alikunywa. Maziwa hayarudi kwa kuamriwa. Asubuhi ya pili yake, wakati sufuria ya tatu inachemka, ile sauti ya mlango ilikuwa haisikiki tena. Katekista alikuwa ameshambatiza. Tulimzika hapo hapo kilimani, mahali pakavu palikuwa padogo, na yeye pia alikuwa mdogo.

Baada ya mazishi watu walikula, kwa sababu ndivyo inavyokuwa. Mama alipakua mpaka wa mwisho. Halafu akachukua mwiko, akaukwangua kwenye ukingo wa sufuria, akaupeleka mdomoni. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akionja. Alitafuna polepole, akatema ganda kiganjani.

Lori la mchele lingeondoka Jumatatu lingefika Jumatatu. Daraja lilikuwepo. Naandika hivi ili lisomeke: lingefika.

Tulirudi Mpanda, na habari ilishatangulia. Chama kikaitishwa, uani kwa yule mzee. Mzee akasema alichosema na watu wakaguna kukubali: sufuria zimetoka bila kilio, zikajitafutia kilio, na zimekipata kwa mwenyewe aliyezitoa. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na huzuni kweli. Nilimtazama Mama nikadhani sasa ataongea. Alikuwa na haki ya kuninyooshea kidole pale, na mimi nilishaandaa la kujitetea. Hakuninyooshea. Alikuwa anatazama mikono yake, na nikaona kitu kilichonitisha: aliwaamini. Aliutia mkono guniani mwenyewe, na bado aliwaamini.

Mzee akanigeukia. "Tajiri, wewe ulikuwepo. Unasemaje?"

Nilikuwa nimekalia kiti cha mbele. Nikasema, "Wazee mmeshasema."

Mama akafungua fundo la kanga, akaweka ufunguo mezani, akaenda zake.

Kuanzia hapo hakuitwa jikoni penye msiba. Hawakumtenga, hapana, walimsalimia. Ila akikaribia mafiga mtu anachukua mwiko kwanza. Skola na mume wake walihamia kwa ndugu upande wa Kabungu, hawaji. Mimi biashara yangu ilikwenda mbele. Kamati ilipewa cheti, nimekitundika ofisini. Na kila asubuhi mashine ikiwashwa, ule mpunga ukianza kushuka, nasikia viatu vinasugua saruji.

Mwezi uliopita nikasema basi. Nikanunua sufuria kubwa mpya, inayong'aa, nikaiweka nyuma ya gari, nikaenda kwake mchana.

Alikuwa mlangoni kwenye kigoda. Amekwisha, mama wa watu. Shingo imekuwa kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Kuli. Hiyo ni ya nani?"

"Yako."

"Igeuze."

Nilikuwa nimeiweka imeangalia juu. Nikaigeuza upesi. Nikachuchumaa, suruali yangu ya gharama nikaiacha iguse vumbi, nikamwambia. Kwamba sio sufuria. Kwamba ni mpunga, na bango, na ile Jumatatu niliyoiacha ipite bure. Kwamba mchele ulikuwepo ghalani. Hilo la mchele kuwepo alikuwa halijui, nililiona linavyomwingia.

"Kumbe ulikuwepo," akasema.

"Ulikuwepo, mama."

"Mwaka mzima na zaidi najiuliza ni ipi kati ya zile kumi na nne." Akacheka kidogo, kile kicheko cha zamani lakini kimebaki pumzi tu. "Sasa unaniambia mimi peke yangu ili iweje? Mimi nikalale nayo?"

"Nifanyeje?"

Akanyoosha mdomo kuelekea nyumba ya tatu. Kulikuwa na turubai, na moshi, na kwaya kwenye spika. Alikuwa amefariki jirani mmoja, na chama chote kilikuwa pale. "Nenda kaseme hivyo hivyo. Kabla hawajala."

Nilikwenda. Miguu yangu mwenyewe, gari nililiacha. Walivyoniona wakamnyanyua mtu kwenye kiti cha mbele nikae mimi, maji ya kunawa yakaanzia kwangu. Yule mzee alikuwepo. Harufu ya maharage yaliyoungua ilikuwa uwanja mzima, maana siku hizi hakuna anayejua kupunguza moto. Msemaji akasema tumtambue tajiri wetu, aseme neno la faraja, na kipaza sauti kikawa mkononi mwangu.

Nilisimama. Neno lilikuwa hapa kooni, nililisikia kabisa, linakwaruza kama lile ganda. Nikasema poleni wafiwa. Nikasema marehemu alikuwa mtu wa watu. Halafu nikasikia sauti yangu ile ile nzuri ikitoka kwenye spika na kwenda juu ya mabati ya Majengo, ikisema kwamba kwa niaba ya kampuni yangu, kwa ajili ya msiba huu, natoa magunia kumi ya mchele.

Wakapiga makofi. Msibani, wakapiga makofi.

Niliporudi kuchukua gari alikuwa bado kwenye kigoda chake. Sufuria niliyomletea ilikuwa nje ya kizingiti, imeangalia juu.

"Nimesikia, Kuli," akasema. "Safari hii mchele."